Mate ya Mama Viganjani

Kwetu Kalama mtu hafungi safari bila kutemewa mate. Mama hukutemea kidogo viganjani au kifuani, anasema maneno yake, basi, unaenda. Ndivyo alivyonibariki nilipoenda chuo cha uuguzi, na tena nilipoanza kazi ya kusafirisha kwa helikopta wagonjwa wenye maradhi ya kuambukiza.

Sikuwazia kwamba siku moja mgonjwa angekuwa kaka yangu. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alirudi kutoka ng'ambo ya mpaka na homa, kisha akaanza kutokwa damu. Kanuni zetu hazituruhusu kuhudumia ndugu, lakini siku hiyo hakukuwa na muuguzi mwingine. Tulitua asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi, tukamlaza ndani ya hema dogo la plastiki na kufunga zipu. Ubavuni mwa hema hilo kuna glavu ndefu zilizoshikanishwa na plastiki yenyewe. Unaingiza mikono kutoka nje, unamshika mgonjwa, na ngozi zenu hazikutani.

"Umenifungia kwa neti ya mbu," akaniambia, akijaribu kucheka.

Mama alikuwa pamoja na majirani nyuma ya utepe tuliouzungushia uwanja. Akauruka. Alikuwa ameshatema mate viganjani.

"Wacha niweke mkono kwa hiyo glavu," akaniambia. "Kidogo tu. Anaenda mbali na sijambariki."

"Mwaitu, rudi nyuma!"

Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya Kalama nzima, kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi. Akarudi nyuma, amefumba viganja ili mate yasikauke.

Kaka alifariki siku ya tatu. Walimzika watu waliovaa mavazi ya kujikinga, sisi tukitazama kutoka barabarani.

Na kinachonila ni hiki: mikono ya mama ingebaki upande wa nje wa plastiki. Glavu zile zimeundwa kwa kazi hiyo hiyo. Ningezipangusa kwa klorini, tukaondoka. Dakika moja ilikuwepo. Najua kanuni kuliko wengi, lakini siku ile niliogopa, nikajificha nyuma ya kanuni hizo. Sijajisamehe.

Mama hajawahi kunilaumu. Heri angenilaumu. Nikimuaga kwenda kazini, ananishika mikono, anatema kwenye kiganja cha kulia, ananiombea. Kisha anashika cha kushoto.

"Hii ingine ni ya yule," anasema. "Wewe ndio unafika huko juu. Umpelekee."

Nakunja ngumi ya kushoto tangu nyumbani, napita njia panda ya Kyumbi nayo, hadi kazini. Huko nasimama mbele ya sinki, kwa kuwa kabla ya kugusa chochote lazima tunawe mikono. Kila mara naanza na wa kulia.