Bakuli la Mbaazi

Mgeni akiniuliza ale wapi Mombasa, mimi humuuliza kama amebeba bakuli. Watu hudhani nafanya mzaha.

Mwaka jana wifi yangu alikuja kututembelea Likoni kutoka Kisumu, simu yake imejaa picha za mikahawa ya Mji wa Kale. Sikumbishia. Nilimwambia tu kabla hatujavuka feri tupate chai kwanza, nikamtuma kwa jirani yangu anayeuza mbaazi za nazi na mahamri barazani kwake. Akaenda mikono mitupu! Jirani alimtazama, akaingia ndani, akatoka na bakuli lake la maua, lile la Idi, akampakulia humo.

Alipotaka kulirudisha, nilimwambia bakuli la watu halirudishwi tupu. Basi akakaanga omena alizotuletea, wale dagaa wa ziwani kwao, akalijaza. Kesho yake likaja na samaki wa kupaka. Akapika chapati, likaja na kaimati. Ikawa ndiyo kazi yao wiki nzima, na habari za mikahawa zikafa.

Siku ya kuondoka tulipitia barabara ya Dongo Kundu isiyovuka feri, kisiwa cha Mombasa hata hakukikanyaga. Tulipokaribia uwanja wa ndege akashtuka, akauliza bakuli liko wapi. Nikamwambia liko jikoni kwetu, tupu. Akataka dereva ageuze gari, wallahi, mpaka nilipoapa kwamba nitapika mimi.

Nilipika pilau. Jirani alionja, kisha akaniuliza wifi yangu anarudi lini.