Mlinzi wa Malkia Hakujua Maneno Yake

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na aliyenipandisha hasira kuliko wote mwaka ule niliokaa Butiama ni mlinzi wetu wa geti. Nasema hivyo huku nikijua kwamba bila yeye nisingekuwa hapa Musoma nikifundisha watoto wa watu Kiswahili. Lakini ukweli usemwe. Mwanamke yule alikuwa hasomi, hataki kusoma, na wala haoni aibu.

Nianze na mimi nilivyofika pale. Nimezaliwa upande wa Nyamuswa, kwenye boma la mwanamke mzee aliyemwoa mama yangu. Usishtuke. Kwetu mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Inaitwa nyumba ntobu. Mwanamume aliyenizaa simjui na sijawahi kumuulizia. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye nyumba, na mzee yule nilimwita baba tangu nilipojua kusema. Maboma mengine watoto wanamwita bibi. Kwetu ilikuwa baba. Alivaa vitenge viwili, alinusa ugoro, alinibeba mgongoni kwenda mnadani, na nilimpenda kuliko nilivyompenda mama.

Nilipomaliza darasa la saba, baba alisema Desemba ikifika nitakeketwa pamoja na wenzangu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga siku ya kupalilia. Mama hakuwa na sauti mbele yake. Ila asubuhi moja aliniambia tubebe ndoo twende kisimani, na kisimani tukapita, tukaenda mpaka barabarani na ndoo zetu tupu. Ndivyo nilivyofikishwa kwenye nyumba ya wasichana waliokimbia kisu, pale Butiama. Swali lililokuwa linangoja jibu lilikuwa moja tu, nalo ni kama mwili wangu utabaki mzima au hautabaki. Baba alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja kuchukua mtoto wake.

Sasa huyo mlinzi. Alitoka kwenye kijiji cha wavuvi huko rasini, ng'ambo ya Musoma, mtu wa samaki, furu na sato, mrefu, mabega mapana, koti la kaki lililofifia. Kazi yake aliipenda mpaka ikawa kero. Ukienda chooni, yuko nyuma yako na rungu. Ukienda kuteka maji, yuko mbele, anapiga nyasi kutafuta nyoka. Mwenzetu mmoja aliposhikwa na malaria, mlinzi alimtia mgongoni akatoka naye mbio kwenda zahanati kabla matroni hajamaliza kutafuta bodaboda. Kuhusu hilo sina neno.

Lakini karatasi! Ukimpa karatasi, hesabu imepotea. Wafanyakazi wote walipelekwa semina Bunda, pale Kabasa, kufundishwa mila za watu wa huku, ili wajue nani anaweza kuja kudai mtoto na kwa njia gani. Mlinzi alilala. Matroni alisema alikoroma hadi mtoa mada akasimama kumsubiri. Kijitabu walichopewa alikifungia karanga. Alipoulizwa alijifunza nini, alijibu, "Chakula kilikuwa kizuri, matroni, tusiseme uongo."

Kwa hiyo aliambiwa kwa mdomo, tena mara nyingi, kwamba baba wa mtoto huyu, yaani mimi, asipite getini. Hilo alilishika. Loh, alilishika kweli kweli! Kila mwanamume aliyesogea pale alihojiwa. Muuza mkaa alihojiwa. Fundi bomba aliachwa juani wakati maji yanamwagika ndani. Dereva wa padri alitakiwa aseme ana watoto wangapi na wa kike ni wepi. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilidhani anajua baba yangu ni mtu wa namna gani. Kila mtu alidhani anajua, kwa sababu ndicho kilichofundishwa Kabasa siku nzima.

Desemba ile nyumba ilijaa. Magodoro yalitandikwa hadi jikoni, na wasichana wapya walikuwa wanalia bila sababu ya kuonekana. Matroni akasema tutunge igizo la siku ya wazazi, siku ambayo wazazi waliokubali kuwaacha binti zao bila kuwakata wangealikwa kuja kula na kuwaona. Mimi ndiye niliyepewa kutunga, maana nilikuwa najiona msomi. Nikatunga nchi ambayo ziwa liko juu, mahali pa mbingu, na mvua ikinyesha wanadondoka samaki. Malkia wa nchi hiyo anatafutwa na jitu la chini ya ardhi. Anaye askari mmoja wa kike, mpanda kiboko, aliyekula kiapo cha kumlinda. Malkia nilijipa mimi. Nimetunga mwenyewe, nani angenikatalia? Taji lilitengenezwa kwa karatasi za kung'aa kutoka duka moja la Kiabakari. Kiboko walikuwa wasichana wawili chini ya blanketi la kijivu. Askari, wote walisema kwa sauti moja, awe mlinzi.

Nikamwandikia kiapo kizuri. "Ewe Malkia mtukufu, upanga wangu na uhai wangu viko chini ya nyayo zako." Nilikuwa nimeyaokota kwenye vitabu vya shule maneno hayo, na niliyaonea fahari sana. Nikampa karatasi. Kesho yake nikaikuta imeziba tundu la dirisha kwenye kibanda chake cha geti.

"Umesoma?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mimi sisomagi." Aliniita mwalimu kwa kunidhihaki tangu siku ile ya kwanza nilipomsahihisha.

"Sema sisomi. Hakuna sisomagi."

"Ndiyo hiyo. Sisomagi."

Tulifanya mazoezi uani kila jioni. Alisimama na mfuniko wa sufuria kubwa kama ngao, na upanga wa mbao, na kwa kusimama tu alikuwa askari kuliko askari. Halafu anafungua mdomo. "Malkia," anasema, "mimi nipo." Basi. Nikikasirika, anainamisha kichwa na kusema, "Lakini mwalimu, hayo maneno mengi ya nini? Si nikisimama hapo wataona nipo?" Na pale alipotakiwa kuliambia jitu, "Hakuna kiumbe atakayepita hapa ningali hai," alisema, "Hapa hapitagi mtu." Kila mara. Wasichana waligaragara kwa kicheko na mimi nikatupa taji chini. Nilimwambia kichwa chake kigumu. Akasema hata mama yake alikuwa anamwambiaga hivyo.

Siku ya wazazi ikafika. Yaliyotokea getini nimeyajua kwa mdomo wake mwenyewe, baadaye. Wageni walikuja wengi kwa mpigo, na kila mmoja alimuuliza, "Wewe ni nani wa mtoto?" Mama. Shangazi. Mama mdogo. Akafika mwanamke mzee peke yake, na fimbo, na vitenge viwili.

"Wewe ni nani wa mtoto?"

"Baba," mzee akajibu.

Mlinzi akacheka kwa upole. Alishaona wazee wengi wa bara ambao Kiswahili kinawachenga, wakichanganya huyu na yule. "Bibi," akamfundisha. "Unasema bibi. Sema bibi." Ndiyo, mtu aliyekuwa hasahihishiki, siku hiyo akasahihisha. Akamfungulia geti, akampokea mfuko, akamshika mkono hadi mstari wa mbele kabisa, akamtafutia kiti chenye mgongo. Halafu akarudi kufunga komeo, macho barabarani, akiendelea kumsubiri mwanamume mpaka alipoitwa kwenye igizo.

Kosa hilo lilitosha kumfukuzisha kazi. Kikao kilikaa juu yake mara mbili baada ya hapo. Bado yuko kwenye geti lile mpaka leo, na sababu yake ndiyo hii ninayoisimulia.

Nilikuwa kwenye kiti changu cha enzi, kiti cha ofisini kilichovishwa kanga, nikieleza jinsi samaki wanavyonyesha. Nikamwona. Sauti ikakatika. Wasichana nyuma ya pazia wakaninong'oneza maneno wakidhani nimesahau. Baba akasimama, akavuka mstari wa chokaa tuliouchora kuwa mpaka wa jukwaa, akanishika kifundo cha mkono, akaniinua kitini.

"Mtoto yangu," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Shuka. Twende nyumbani."

Watu wakacheka. Walidhani ndilo jitu la chini ya ardhi. Kuna aliyesema, "Huyu mzee anaweza!" Matroni naye alikuwa anacheka, kwa kuwa alijua mimi hubadili maneno kila siku. Nilitaka kupiga kelele na kelele haikuja. Mkono ule niliujua tangu mtoto, ulinilisha uji, na sikuweza kuuvuta wangu. Nilihisi moto ukishuka miguuni, ndipo nikajua nimejikojolea.

Mlinzi akatokea nyuma ya pazia juu ya kiboko. Haikuwa zamu yake. Baadaye alisema aliona uso wangu kupitia tundu la pazia, na kwenye igizo uso wangu haukuwahi kuwa vile. Kiboko kikagawanyika katikati, wasichana wawili wakaanguka, umati ukalipuka kwa vicheko, naye akaruka juu yao akaja kusimama katikati yetu, mfuniko kifuani, mpaka mkono wa baba ukaniachia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toka. Mimi ndiye baba yake. Nilitoa ng'ombe."

Nilimwona akielewa. Mdomo ulibaki wazi. Aliangalia geti, akaniangalia mimi, akamwangalia mzee aliyemkaribisha mwenyewe na kumtafutia kiti, na machozi yakamjaa papo hapo.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nimekufungulia mwenyewe. Lakini huyu hatokagi hapa."

Fimbo ikapiga mfuniko, ngaa! Watu wakapiga makofi. Fimbo ya pili ikampata kwenye paji la uso. Akauweka upanga wa mbao chini taratibu, na mfuniko pia, kwa sababu mbele yake alikuwa mtu mzima wa kumwamkia, akatanua mikono mitupu. Fimbo ya tatu ikampata begani. Hakusogea. Mgeni mmoja karibu akapiga vigelegele. Sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale wageni wakati ule, na hawakuwa na kosa lolote.

Matroni ndiye aliyeona tope dogo chini ya miguu yangu. Akaacha kucheka. Akasimama, na mstari mmoja baada ya mwingine watu wakaanza kunyamaza, mpaka ikabaki sauti ya baba akihema. Alikuwa amechoka, fimbo imemdondoka. Alikuwa mzee sana, nadhani sikuwa nimeliona hilo kabla. Mlinzi, damu ikimchuruzika hadi kwenye nyusi, akakivuta kiti changu cha enzi akakiweka nyuma ya baba, akamshika kiwiko, akamkalisha. Halafu akapiga magoti hapo hapo, kati ya kile kiti na mimi.

Baba akaitazama damu kwenye nyusi zake.

"Wewe una watoto?" akamuuliza.

"Sikujaliwa, mama. Wanaume waliniacha kwa ajili hiyo."

"Na mimi sikujaliwa." Akanionyesha kwa kidevu. "Nilipata huyu."

Hata ningemwandikia mlinzi jibu, nilijua lisingesaidia. Baba akanigeukia mimi.

"Sema mwenyewe," akasema.

Nilikuwa na taji kichwani bado. Nikalivua. Nilimhurumia mzee yule kiasi kwamba nusura niseme twende. Tangu nilipokimbia nilikuwa nimemwogopa, na hofu ile ilinirahisishia mambo. Huruma ilikuwa ngumu zaidi.

"Mimi ni wako, baba," nikamwambia. "Lakini sikatwi."

Hakupandisha sauti. Alinijibu kwa lugha ya nyumbani, ambayo pale uani labda tulikuwa watu wachache tunaoielewa. Alisema kwamba msichana asiyekatwa hakuna boma la kwetu litakalomtolea ng'ombe, na bila ng'ombe wale hataoa mwingine wa kuzaa, kwa hiyo nyumba yake imeishia kwangu. Alisema kama anavyosema mtu anayehesabu siku za mvua. Halafu akanyoosha mkono, na mlinzi akaiokota fimbo akampa kwa mikono miwili.

Baba alipokwisha kusimama aliitazama sketi yangu iliyolowa.

"Kabadili nguo," akasema. "Utashikwa na baridi."

Nikaenda kubadili. Niliporudi, alikuwa ameshaondoka.