Kishikio cha Chini

Siku ya kwanza kazini, Kapita aliniuliza nimekuja kufanya nini pale Muheto. Nikajibu, "Kukata miti, Papa." Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kukata gani? Huku kila kukata iko na jina yake. Ukikosa jina, utakosa na kazi."

Kapita alikuwa msimamizi wa wapasuaji mbao. Asubuhi ile alinitembeza kati ya mikaratusi akinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuangusha ni shoka kwenye shina. Kupogoa ni kuondoa matawi. Kuchonga ni kulitoa gogo uduara wake hadi liwe na nyuso nne. Kupasua ndiyo kazi yenyewe: kuligawa gogo kwa urefu, liwe mbao. Niliandika yote katika daftari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa mti kuniangukia.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi nina miaka thelathini na nne. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha, na vijana wanaoniletea visu nivinoe hapa sokoni Kitshanga hawajawahi kuona msumeno wa watu wawili ukipasua gogo. Basi nitawaeleza. Nitaeleza na kosa langu, maana bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Gogo hupandishwa juu ya jukwaa la miti lililojengwa kwenye mteremko. Mtu mmoja husimama juu ya gogo, mwingine chini yake. Wa juu huinua msumeno na kuuongoza. Wa chini huuvuta, na meno hukata unaposhuka. Mstari wa kufuata hupigwa kwa kamba iliyochovywa katika unga mweusi wa betri za redio zilizokufa. Kamba inavutwa, inaachiliwa, alama inabaki. Wa juu ndiye mwenye mstari, na ndiye anayenoa meno kwa tupa. Wa chini hupata unga wa mbao machoni.

Kishikio cha juu hakitoki. Cha chini hutoka, ili msumeno uweze kuchomolewa kwenye gogo, na kila mtu wa chini huchonga cha kwake kwa kipimo cha mikono yake. Hakuna mwingine anayekigusa. Akienda nyumbani siku chache hukiacha kwenye msumeno, na mwenzake anajua atarudi. Akiondoka nacho, wameachana.

Kazi ya juu nilijifundisha mwenyewe. Nilichukua mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa nyuma ya nyumba yetu, nikayapasua kwa msumeno wa mkono, nikifuata mstari wa makaa. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Bengine banasomea mu kitabu, wangu anasomea mu migomba."

Kapita akanipa Bauma awe mtu wangu wa chini. Alikuwa mkulima wa maharagwe wa kilima hichohicho cha Muheto, amenizidi miaka sita hivi, mtu wa maneno. Alipoona daftari na penseli yangu alinipa jina siku ileile.

"Profesa, hii gogo itafanya egzame ya darasa lini?"

"Ngoja kwanza, kaka Bauma, napima."

"Pima tu. Miye huku chini nakula vumbi ya masomo yako."

Tulipasua pamoja miaka minne kabla ya kutumwa msituni Walikale, karibu na Kibua, kutengeneza mbao za viti vya kanisa. Aliyesimamia ujenzi tulimwita Shefu. Alikuja mara moja kwa wiki kuhesabu mbao, kisha akatuacha. Msituni tulibaki wawili. Sisi tumezoea vilima, ambako ukiita jirani anaitika ng'ambo ya bonde. Kule sauti haiendi popote. Sauti pekee niliyoisikia mchana kutwa ilitoka chini ya miguu yangu, na mwenye sauti nilimwona utosi tu, nywele zimejaa unga.

Ndipo mbao zikaanza kupinda. Msumeno uliacha mstari ukaenda kuume, upana wa kidole, kila gogo. Shefu aliigeuza mbao moja akacheka.

"Kijana, bantu batakaa juu yake, habatapima."

Yeye alisahau palepale. Mimi sikuweza kula. Nilipiga mistari upya, nikanoa meno kila asubuhi, na mbao zikapinda zaidi. Mwishowe nikaona nimempata mkosaji. Kishikio cha Bauma kilikuwa na nundu upande wa kushoto. Kulia kilikuwa laini, kushoto kimevimba. Niliamua kwamba nundu ile ndiyo iliyokuwa ikiuvuta msumeno.

Jumapili iliyofuata Bauma alikwenda kusali. Nilimdanganya kwamba kichwa kinaniuma. Nilipobaki peke yangu nilikitoa kishikio chake, nikaikwangua nundu kwa kisu, nikalainisha kwa kipande cha chupa. Nilipima pande zote mbili kwa kamba. Zilikuwa sawasawa. Nilifurahi, nakiri.

Jumatatu Bauma alikishika, akakigeuza, akakitazama kwa muda. Akaingia chini ya gogo. Tulipasua siku nzima bila mzaha hata mmoja, yeye ambaye hata akipaliwa na vumbi alikuwa nao. Jua lilipoteremka alipanda juu ya gogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Akaketi karibu yangu.

"Profesa."

"Naam, kaka."

"Kapita alikufundisha majina. Kuangusha, kupogoa, kuchonga, kupasua. Hii yenye ulifanya, jina yake nini?"

Akafungua mkono wake wa kushoto, akajaribu kuukunja. Kidole cha mwisho kilibaki wima, kimekauka kwenye kiungo. Kwenye nundu ile ndipo kilipokuwa kikiegemea. Miaka minne tulikula sahani moja kwa mikono ya kulia. Ule wa kushoto sikuwahi kuutazama.

Ilinipasa kuomba msamaha. Nilichosema ni hiki: "Lakini leo mbao hazikupinda sana kama juzi." Tena haikuwa kweli. Siku hiyo sikuwa nimepima hata moja.

Bauma akasema, "Sawa," akashuka.

Alfajiri hakuwepo. Nilikimbilia jukwaani, nikaona kishikio kipo kwenye msumeno. Moyo wangu ukatulia: amekwenda nyumbani, atarudi. Nilifagia unga chini ya gogo asije akakanyaga uchafu. Nilinoa meno asubuhi na jioni. Nilipanga maneno ya kumwambia, nikayaandika, nikayafuta, nikayaandika vizuri zaidi. Siku tatu. Siku sita. Nilianza kuongea na gogo.

Siku ya tisa alikuja Kapita kutoka Muheto na mtu mwingine wa chini.

"Bauma iko kwake, inalima," alisema.

"Lakini aliacha kishikio, Papa. Atarudi."

Kapita alikichukua, akakipapasa pande zote.

"Muntu akitaka kurudi anaacha kitu yake, kijana. Hii haiko yake tena."

Kisha akapitisha kidole gumba kwenye meno ya msumeno, upande mmoja, halafu wa pili.

"Unanoa mara ngapi?"

"Kila siku. Siku zingine mara mbili."

"Upande wenye unaona muzuri, unanoa sana. Meno ya huku imekwisha, ya kule ingali refu. Njo maana inapinda."

Mbao za viti vya kanisa tulizimaliza na yule mtu mwingine. Baada yake nilikuwa na watu wa chini sita, na hakuna aliyekaa. Kila mmoja nilimkagua mikono kabla ya salamu, wakaona mimi ni mtu wa ajabu. Halafu ukaja msumeno wa injini, wenye mtu mmoja na kelele zake. Kapita alirudi shambani. Mimi nikanunua jiwe la kunolea, nikapata kibanda hapa. Nimestaafu kabla ya kuota mvi.

Kishikio kile nilikihifadhi, na mara nyingi nimejaribu kukirudishia umbo lake. Mbao iliyokwanguliwa hairudi. Nilijaribu kuchonga kingine, nikakwama: sijui nundu ilianzia wapi, iliishia wapi. Daftari langu lina kipimo cha kila gogo tulilopasua, lakini kipimo cha mkono wa Bauma hakimo.

Mwezi uliopita nilikata kipande cha mkaratusi, sikukichonga hata kidogo, nikapanda pikipiki hadi Muheto. Bauma alikuwa uani na mkewe, Mama Sifa, wakichambua maharagwe.

"Mama Sifa, ona!" akaita. "Muntu ya juu leo ameshuka!"

Mama Sifa alinisogezea kigoda. Maneno niliyoyaandika miaka yote yalinitoka kichwani. Nikasema, "Kaka, nilikukosea. Na mbao zilipinda kwa sababu ya tupa yangu. Haikuwa kishikio."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kulekule. Miye njo nilikuwa navuta. Musumeno inasema na muntu ya chini."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Haukuuliza, Profesa. Ulikuwa unapima."

Nikampa kile kipande cha mti. Alikipokea kwa mikono miwili, nami nikautazama ule wa kushoto. Akakinusa, akakibonyeza kwa ukucha.

"Muti mubichi. Hii haichongwe leo."

Aliingia jikoni, akakiweka darini juu ya moto, penye mahindi ya mbegu.

"Ikauke kwanza."

"Itachukua siku ngapi?"

Mama Sifa akaangua kicheko. Bauma hakucheka, lakini hakukishusha.

Leo ni wiki ya tano. Ninanoa visu vya watu, kila upande mara zilezile, nikihesabu. Sijaenda kuuliza kama ule mti umekauka.