Mpuliza Zumari na Fimbo za Tongoni

Nilikuwa Sumbawanga nilipopigiwa simu kwamba rafiki yangu amefariki kwao Wete. Nikapanda basi la alfajiri hadi Mbeya, nikaunganisha la Dar es Salaam, nikavuka kwa boti hadi Unguja na kutoka pale hadi Pemba, na njia nzima nilijua nimechelewa, maana maiti wa Kiislamu hasubiri mgeni. Nilikuta udongo wa kaburi umeshakauka. Dada yake alinipa maji, akavitazama viatu vyangu vyenye vumbi, akasema, "Wewe ndiye jirani yake wa Tanga. Alisema hukai mahali, wahama kama kunguru." Wasomaji wangu mnajua hakunionea. Hata hivyo Nguvumali, mtaa wa Tanga, nilikaa kuliko kwingine kokote, chumba changu kikipakana na karakana yake ya kuchomelea mageti.

Alikuwa akigonga chuma kana kwamba kimemtukana mama yake. Siku moja alikuja mteja kutoka Chumbageni kufuata nondo za madirisha, akamkodolea macho, akacheka. "Si wewe uliyekuwa ukipuliza zumari kwenye maharusi? Hebu tupulizie kidogo, bwana!" Fundi aliweka chini mashine yake polepole. Kisha akamkamata yule bwana koo, akambandika mgongo kwenye geti alilokuwa ametoka kulichomelea, akamshikilia hapo. Tulisikia harufu ya shati kabla ya kusikia ukelele. Tulimng'oa fundi kwa kumpiga, kwa kuwa maneno hayakumwingia, naye akasimama katikati yetu akitokwa damu mdomoni, akauliza, "Yupo mwingine anayetaka muziki?"

Aliponieleza sababu baadaye, alieleza kwa sauti ya chini. Kwa msomaji wa bara, kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa pwani: wawili huingia uwanjani, hupigana na kukinga, na zumari huwaongoza. Zumari likilia, hakuna anayetoka. Atakayetoka atazomewa hadi kaburini. Aliyezidiwa huinua mkono, mpulizaji hunyamaza, fimbo zikashuka. Kwa hiyo mwenye zumari ndiye mwenye uwanja. Rafiki yangu alijua kuvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, sauti isikatike, na watu wakimpigia kelele, "Koleza! Koleza!" Harusi moja ya Tongoni, fimbo ya swahiba wake mkubwa, mkulima wa minazi wa pale pale, ilivunjika mkononi. Swahiba akainua mkono. "Nilimwona," aliniambia. "Lakini sikuwa nimewahi kupuliza vile, wala sikuwahi tena. Nikaendelea, nikasema moyoni, kidogo tu." Yule mkulima akabaki uwanjani na kipande cha fimbo, kwa kuona haya, na pigo lililofuata likalitoa jicho lake la kushoto. Usiku ule mpulizaji alilipasua zumari kwa shoka, akaenda kujifunza kuchomelea.

Kwa miaka yote hiyo nilidhani wanaohasimiana ni wao wawili. Kumbe mkulima alikuwa akimtafuta. Alikuja karakanani akiwa amevaa kofia safi, akaketi juu ya mitungi ya gesi.

"Binti yangu anaolewa. Nataka kirumbizi, na mpulizaji ni weye."

"Nilishavunja."

"Ulivunja nini, zumari au jicho langu?"

"Vyote. Toka."

"Sikuja kukusamehe, nilishakusamehe zamani. Hukusikia tu, kwa makelele ya mashine yako."

Nyundo ikaruka, ikapita sikioni pake, ikabomoa plasta ya ukuta wangu. Mgeni aliligeuza jicho lake zima, akaliangalia tundu, akasema, "Umekosa. Na chongo ni mie!" Kisha akaaga kwa adabu na kuondoka.

Siku ya harusi tulikwenda Tongoni, mimi na fundi. Hakuniambia kwa nini, nami sikuthubutu kuuliza. Mpulizaji aliyekodiwa alikuwa kijana ambaye pumzi zilimvuja, na nilimwona rafiki yangu mashavu yakimvimba bila mwenyewe kujua. Baba wa bibi harusi akalichukua zumari, akalisukuma kifuani kwa rafiki yangu mbele ya watu. "Puliza, mwanaharamu." Rafiki yangu akalirudisha kwa kijana. "Mimi nipe fimbo," akasema.

Hakuwa amewahi kushika fimbo maishani. Alikuwa mtu wa kusimama pembeni akiwapeleka wenzake kwenye mapigo. Mkulima alimpiga begani, akampiga mbavuni, akampiga kwenye vidole, na kila pigo lililia kama kuni zikipasuliwa. La mwisho lilifungua paji la uso, damu ikamfunika macho. Akainua mkono. Yule kijana wa pumzi mbovu akanyamaza hapo hapo. Fimbo zikashuka, swahiba akatupa yake na kumkumbatia, kanzu yake ya harusi ikawa nyekundu. Nilikuwa karibu, nikamsikia rafiki yangu akisema, "Kumbe kunyamaza ni rahisi hivi."

Nimezunguka nchi hii na kila mji una watu wanaojua kukoleza, kwenye vipaza sauti, majukwaani, na sasa kwenye simu. Tunawatuza na kuwataka wazidishe. Kwake nilijifunza kwamba kipaji kisichojua kukoma ni silaha tu, na kwamba mtu anaweza kukiacha na bado akabaki mtu kamili, ila kukiacha kwa hasira si kukiacha. Ni kukibeba kikiwa kimewashwa.

Wiki ile ile aliuza mashine zake na kurudi Pemba moja kwa moja. Nilimsindikiza bandarini, nyuzi za kushonwa zikiwa bado kwenye paji lake la uso. Nikamuuliza kama huko kwao atapuliza tena, na nilipouliza nilikwepa kidogo, kwa mazoea. Hakukunja ngumi. "Hapana," alijibu, kama mtu aliyeulizwa kama atakula, naye ameshashiba. Akachukua mfuko wake, akapanda.