Simama Chini ya Saini Yako

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa kichwa bali kwa magoti. Mpaka leo nikipita lile daraja dogo kwenye njia ya Rangwe, magoti yananikumbusha.

Miaka ile ya sitini uhuru ulikuwa bado mbichi, na mimi nilikuwa mhandisi kijana, shahada mkononi, kiburi kichwani. Serikali ilinipa nisimamie daraja la zege juu ya mto unaofurika kila masika. Nyapara wangu alikuwa Mzee Ogola, mtu wa Karungu. Hakujua kusoma, lakini akigonga ukuta kwa kidole alikwambia kama aliyeujenga alikuwa na haraka.

Tulimwaga zege, tukalifunika kwa magunia, tukawa tunalinyunyizia maji kutwa. Linataka wiki nne kabla hujaondoa miti inayolishikilia kwa chini. Siku ya tisa akaja mheshimiwa, mbunge wetu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na yeye alitaka kulifungua daraja Jumamosi: lori lililojaa kina mama waimbaji wa kanisa litangulie, naye afuate akipunga mkono.

"Saini tu kwamba liko tayari, injinia," akaniambia. "Mimi nimo kwenye kamati inayochagua wanaokwenda kusoma ng'ambo. Chuo kikuu kinatafuta walimu wa kwetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ama?"

Lo, mwanangu! Nilijua. Usidanganywe na msomi anayesema hakujua. Zege hukauka juu kama ugali uliopoa, na ndani bado ni uji. Nilijua, na nikasaini palepale kwenye boneti ya gari lake, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Nikajiambia, labda litashika. Labda! Neno hilo sikufundishwa katika hesabu yoyote.

Ijumaa asubuhi nikamwamuru Mzee Ogola aondoe miti. Hakubisha. Alichukua nyundo yake, akasema, "Sawa, nyathina, mtoto wangu. Lakini kwetu mafundi, anayesema miti itoke hukaa chini ikitoka. Mimi nimekaa chini ya kila daraja nililojenga. Twende."

"Twende wapi?"

"Chini. Si wewe ndiye uliyesaini? Nitakuwa nawe, hutakufa peke yako."

Mafundi wote wakaacha kazi. Niliteremka ukingoni, nikainama, nikaingia. Maji yalinifika magotini. Zege juu yangu lilikuwa likidondosha maji, tone, tone. Mzee akainua nyundo, akapiga kabari ya mti wa kwanza. Mti ukatetemeka, changarawe zikanimwagikia shingoni. Akanitazama.

"Nipige tena?"

Magoti yakakataa kunibeba. "Basi, jaduong'! Mzee wangu, basi!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Hakunicheka. Alishusha nyundo, akasema polepole, "Kesho ungewapitisha mama zetu juu ya mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kusimama. Mama yako haimbi katika kundi lile?"

Aliimba. Hapo nikalia, wala sioni haya kusema.

Mchana uleule nilimfuata mheshimiwa Homa Bay. Nilimkuta ameketi na wazee wa chama, nikasema mbele yao wote kwamba nimesaini uongo, daraja halijakomaa, naomba karatasi yangu. Alinikodolea macho. Kisha akaitoa mfukoni, akaitupa sakafuni.

"Okota," akasema. "Na ng'ambo usahau."

Nikainama, nikaokota. Kuinama kule hakukuniuma hata kidogo.

Ilinichukua miaka mitatu kupata nafasi nyingine ya kusoma. Lakini zege lilipotimiza wiki zake, mimi na Mzee Ogola tulisimama chini, tukaondoa miti yote. Lori la kina mama likapita juu ya vichwa vyetu, nikaisikia sauti ya mama yangu.

Sasa nimefundisha wahandisi mpaka nimeota mvi. Nawaona maprofesa wenzangu wakikimbilia majukwaani, wakimpa mwanasiasa hesabu anazotaka kusikia, wakimpasisha kijana asiyejua kitu kwa sababu gari la babake lina bendera. Hasira hunipanda, kweli! Mwanasiasa akikosea tutamtoa kwa kura. Msomi akidanganya, nani atajua kabla paa halijaanguka? Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini mara nyingi wanaoanguka mwishoni mwake ni watu wengine.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujatia saini, iwe ni ya daraja, ya mtihani au ya ripoti ya serikali, jiulize: naweza kusimama chini ya hii, mama yangu akipita juu? Magoti yakikataa, yasikilize, hata kama anayekungoja ana cheo cha kukupa. Mungu akujalie mkono mkweli. Akupe Mzee Ogola wako mapema, kabla ya Jumamosi. Na siku utakaposimama chini ya kazi yako, usikie juu yako watu wakipita wakiimba.