Shangazi Limau na Kichupa cha Miaka Mia Nane

Nyumbani tunamwita Limau. Hata wajukuu. Hata paka angejua kusema, angemwita hivyo hivyo.

Shangazi yangu alikuwa mwosha vyombo. Msianze kucheka! Vyombo vyenyewe ni vya makumbusho, ufinyanzi wa nchi za Kiislamu za zamani, vya kufukuliwa ardhini. Miaka ishirini na mbili kavisugua kwenye beseni kwa mswaki na maji matupu. Sabuni mwiko. Na kila uchafu uliotoka ndani ya chombo aliukausha, akautia kwenye bahasha, akaandika namba. Hakuna aliyemtuma. "Uchafu nao una kwao," alikuwa anasema.

Siku moja kikaletwa kichupa cha ajabu, cha udongo. Kizito kama jiwe, tumbo duara, chini kimechongoka kama kitunguu chenye hasira, mdomo hauingizi hata kidole cha mtoto. Kina miaka mia nane. Wataalamu wakashikana mashati: huyu anasema cha zebaki, yule cha manukato, wa tatu anaapa ni bomu la moto la kumrushia adui. Utando mweusi ulioganda ndani ndio ungemaliza ubishi, ukipimwa maabara.

Sasa, wageni wakubwa walikuwa njiani. Mkuu wa makumbusho akamwita shangazi.

"Mama, hiki nataka king'ae ndani na nje. Tia sabuni."

"Sabuni tena, bosi? Na kipimo je?"

"Mtaalamu ni wewe au mimi?"

Shangazi akaukwangua kwanza ule utando kwa waya, akautia kwenye bahasha yake kama kawaida. Ndipo akatia sabuni.

Wageni walipoondoka, kichupa kikapelekwa maabara. Majibu: sabuni ya sahani, yenye limau. Ofisi nzima hoi! "Kumbe watu wa kale walikuwa na masinki!" Mkuu alicheka kuliko wote, kisha akamgeukia shangazi.

"Nani alikuruhusu?"

"Si wewe, bosi?"

"Mimi? Una karatasi?"

Karatasi hana. Akahamishiwa getini, kukata tiketi. Siku ya kuhama akampa mkuu ile bahasha. "Utando wenyewe huu. Waambie tu sikuupoteza." Mkuu akaipokea kwa mikono miwili.

Jina la Limau, walilombandika ofisini, lilifika nyumbani kabla yake, na aliyelibeba ni mimi. "Limau, tukukamulie kwenye chai?" Alicheka. Nikadhani anacheka.

Mwaka jana nikaenda kukiona hicho kichupa. Kipo ndani ya kioo, na kibao: utando umepimwa, huenda kilikuwa cha dawa. Chini yake: "Utando uliookolewa na Mkuu wa Makumbusho."

Nikatoka mbio hadi getini. "Shangazi, umesoma kile kibao?"

"Sijaingia. Ila wageni wakitoka hunisimulia."

"Na wewe unawaambiaje?"

"Karibuni tena."

Akakata tiketi ya mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Haya wadau, kwenu nani anabeba jina la kosa la mtu mwingine? Tupeni kisa chake hapo chini. Na msiishie kwenye jina, semeni na kazi aliyoifanya.