Nilimchunguza mchumba wa mdogo wangu kwa mshindani wake

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nichekeni, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi nashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Bujumbura. Kijana mmoja wa mtaa wa Ngagara alileta posa kwa mdogo wangu Zuhura. Ana kampuni ndogo inayotengeneza programu ya kompyuta ya kuwasaidia wafanyabiashara kuhesabu kodi. Baba yetu ni fundi magari, kompyuta kwake ni televisheni tu. Akaniita: "Mi sijui hiyo kazi yake. We umesoma. Nenda uangalie kama kampuni ni ya kweli, mutoto wangu asiolewe na maneno."

Nikaenda. Kijana akanifungulia madaftari yote, mapato, matumizi, hata risiti ya ufagio. Nikapita ofisi wanakosajili majina na alama za biashara: vyote ni vyake, vimeandikwa. Ningeishia hapo, leo Zuhura angekuwa kwake.

Lakini nilishajiona mtaalamu. Nikasema lazima nijue na washindani. Mkubwa wao ana ofisi katikati ya mji, ina kiyoyozi. Jamani, yule mwanaume ananukia! Akaniagizia soda, akaninong'oneza kwamba programu ya yule kijana ni ya kuiba, wateja wanamkimbia, mwaka hauishi atafunga. Nikaandika yote. Sikumwomba hata karatasi moja ya kuthibitisha.

Nilirudi mara tatu. Mara ya pili nilivaa kitenge kipya. Mara ya tatu nilipitia saluni kwanza, na swali sikuwa nalo. Yeye ndiye aliuliza: nyumbani mko wangapi, Zuhura anafanya nini, ni mpole au mkali? Nikaona huyu anataka kuijua familia. Nikamweleza yote, moyo unaruka.

Nikamsomea baba ripoti. Posa ikarudishwa. Zuhura alilia siku nne, nami namwambia atanishukuru.

Wiki mbili baadaye wazee wanne waliingia kwetu, wametumwa na yule bwana wa kiyoyozi. Nikakimbilia chumbani kupaka wanja. Nikasikia baba anauliza wanamtaka binti yupi.

"Zuhura," wakajibu.

Nilikaa kitandani na wanja kwenye jicho moja. Zuhura akaja mlangoni, hakupiga kelele. "Dada, huyu naye umemuchunguza?"

Ikabidi nitoke nikaseme ukweli mbele ya wageni: ripoti yote ilitoka kwa mshindani, nami niliamini kwa sababu nilimpenda. Baba aliwaaga wale wazee. Alivaa viatu, akaenda Ngagara mwenyewe kuomba msamaha.

Kijana bado anamtaka Zuhura. Ila kwao wamesema safari hii ni zamu yao kutuchunguza sisi, na wamemtuma shangazi yake.

Wenzangu, ukitumwa kuichunguza kampuni ya mtu, usimuulize anayetaka ife. Na ukishaanza kujipamba kabla ya kwenda, mwachie mwingine hiyo kazi.

Naandika haya nikiwa dirishani. Shangazi ameingia kwa jirani ambaye mwaka jana nilimwita mchawi, na naona ameshapewa kiti.